Mzee Amoasi na Wanawake wa Mtoni

Bwana Paintsil alifika uani kwa marehemu Jumatatu asubuhi, amevaa shati jeusi lililonyooshwa kwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Mkononi alishika kitabu cha ratiba ya mazishi. Jalada lilikuwa na picha ya Mzee Kobina Amoasi enzi za ujana wake, ameinua kijiti cha kuongozea kwaya, na chini yake maneno yamepigwa chapa kwa dhahabu: Mtumishi Mwaminifu, Nguzo ya Kanisa Letu.

Araba, binti wa marehemu, alikipokea kwa mikono miwili. Akasoma jalada. Akafunua ukurasa wa kwanza, akasoma, akafunua wa pili. Halafu akakipasua katikati na kumrudishia mgeni wake nusu moja.

"Hicho mpelekee mchungaji wako," akasema. "Hiki nitawashia moto."

"Araba, umefiwa, nakuelewa..."

"Hunielewi. Ungenielewa usingekanyaga hapa. Nguzo ya kanisa! Nguzo mmeing'oa wenyewe, mkaitupa mlangoni miaka minne, leo imeanguka ndiyo mnakuja kuipaka rangi?"

"Sema taratibu. Watu wanasikia."

"Na wasikie. Wana masikio ya nini?"

Waombolezaji waliokaa kwenye viti vya plastiki wakainamisha vichwa, lakini hakuna aliyeziba masikio. Bwana Paintsil alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee mkuu wa kanisa la Betheli pale Otuakrom. Alizoea watu kusimama akiingia. Aliikunja ile nusu yake, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Hasira ya Araba haikuzuka siku hiyo. Ilikuwa imelala kifuani mwake muda mrefu, na ilianza pale alipoanza kumjua baba yake ni mtu wa namna gani.

Kobina Amoasi alikuwa seremala. Mkewe Adoma alifariki katika uzazi wa tatu, na mtoto naye akamfuata baada ya siku mbili. Akabaki na Araba, aliyekuwa na miaka sita, na Ebo, aliyekuwa na minne. Kwa watu wa pale mtoto ni wa ukoo wa mama yake, hilo hata kichaa analijua. Matanga hayajaisha, wajomba wa Adoma wakaja kuwachukua watoto. Kobina aliwakaribisha, akawapa maji, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Ukoo wao ni wenu, sibishani," akawaambia. "Lakini watalala ninapolala mimi."

"Mwanamume peke yake atalea vipi? Utawanyonyesha?"

"Wana meno. Watakula."

Dada zake wenyewe walimwona amerukwa na akili. Wakakataa kumsaidia ili ashindwe upesi. Hakushindwa. Alijifunza kupika supu ya mawese, mara ya kwanza ikaungua, mara ya pili ikaungua, mara ya tatu watoto wakala. Alimfundisha Araba jedwali la kuzidisha kwa kuliimba, do-re-mi mpaka kumi na mbili mara kumi na mbili, na hadi leo Araba akipiga hesabu ya vitambaa anavyouza soko la Mankessim, midomo yake hucheza wimbo. Na kila Jumatano alijitwika beseni la nguo chafu kichwani, akashuka mtoni kufua, mwanamume peke yake kati ya wanawake ishirini.

Walimcheka kweli kweli.

"Ee Kobina, hiyo sketi ni yako?"

"Ni ya Araba. Yangu imo ndani ya beseni, subiri niifikie."

"Fua vizuri, usituchafulie maji, mume wetu!"

Alicheka nao. Lakini wakimaliza kumtania walirudi kwenye kazi yao, na kwenye kazi yao waliimba. Kobina wakati huo alikuwa tayari mwalimu wa kwaya ya Betheli, kwaya ya makarani na walimu waliovaa majoho na kushika vitabu. Wale wanawake hawakujua kusoma hata majina yao. Waliimba visa vya Biblia walivyovisikia kwa mababu zao, kwa lugha yao, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na maneno yanabadilika kila siku kama mazungumzo. Zamani nyimbo hizo ziliimbwa kanisani katikati ya mahubiri. Mchungaji akifika kwenye kisa cha Yona, mama mmoja humkatiza, anamwimba Yona, kanisa zima linaitikia, mchungaji anangoja. Betheli ilikwisha kuuzima utaratibu huo. Wasomi waliona ni kelele.

Kobina akaenda kwa mchungaji wa wakati ule, mzee mmoja mpole, akamwomba ruhusa. Jumapili moja wanawake kumi na mmoja wa mtoni, wakiongozwa na Mama Nyarkoa, muuza samaki mwenye jicho moja bovu na sauti ya kupasua bati, waliingia Betheli na kanga zao za kawaida, wakakaa upande wa kushoto. Mchungaji alipomtaja Danieli, Mama Nyarkoa hakungoja hata simba watajwe. Watu walilia siku hiyo. Mwezi uliofuata ilibidi Kobina aunde mabenchi mapya manane, na hakumdai mtu.

Haikuwa rahisi kuishi naye. Kwaya ilimwogopa. "Wewe, besi, unaimba au unakoroma?" angesema mbele ya watu wote, na mtu mzima mwenye wake wawili akatazama vidole vya miguu. Viti vya nyumbani aliviazimisha kwenye misiba ya watu mpaka watoto wake wakala wameketi sakafuni. Jumamosi aliwaburuta vijana kwenda kuchimba mitaro ya maji machafu, na asiyetokea alimwimbia wimbo mlangoni kwake, jina lake likiwa ndani. Araba alimpenda kwa yote hayo na kumkasirikia kwa yote hayo.

Kisha ukaja mwaka wa kipindupindu. Araba alikuwa na miaka kumi na miwili. Mji ulifunga milango. Maiti zililala ndani siku mbili kwa kukosa wa kuziosha, kwa maana hata ndugu wa damu waliogopa. Kobina alihamia kwenye karakana yake ng'ambo ya ua ili asiwaletee watoto ugonjwa, na kwa wiki tatu hakuwagusa. Mchana yeye, Mama Nyarkoa na wanawake wengine wawili walichemsha maji, wakaosha wafu, wakawatia kwenye majeneza ya mbao mbichi aliyoyapigilia mwenyewe, wakawazika. Magharibi alikaa mlangoni kwa karakana akawaimbia wanawe toka mbali sauti ya kwanza. Wao wakamjibu sauti ya pili toka dirishani. Ndivyo walivyojua yu hai. Jioni moja alichelewa kuanza. Ebo akalia mpaka akatapika, na Araba akaamini kwamba Ebo naye sasa anaugua, kumbe baba yao alikuwa tu amesinzia kwa uchovu, ameketi, nyundo mapajani.

Miongoni mwa waliokufa alikuwa mama yake Paintsil. Paintsil, mwalimu kijana wakati huo, alisimama ng'ambo ya barabara, kitambaa puani, akatazama watu wengine wakimbeba mama yake. Hakuvuka. Baadaye Kobina aliwakusanya wale wanawake watatu na kuwaambia jambo hilo lisitoke midomoni mwao. "Woga si dhambi," alisema. Araba alikuwa amesimama nyuma ya mlango na chungu cha uji, akasikia.

Paintsil akapanda cheo. Akawa mwalimu mkuu, akawa mzee wa kanisa, kisha mzee mkuu. Watu wanaojua aibu zetu hatuwapendi, na Paintsil hakuwahi kumpenda Kobina Amoasi. Alivumilia kwa kuwa wachungaji waliokuja walimpenda. Ndipo akaletwa Mchungaji Dadzie, kijana mwenye shahada mbili na mahubiri yaliyochapwa kwenye karatasi, na akaja na kinanda cha umeme na spika mbili ndefu kama wanajeshi. Mara ya kwanza Mama Nyarkoa alipomkatiza, alipoteza mstari aliokuwa anausoma. Mara ya pili alipoteza ukurasa. Mara ya tatu alimwita Paintsil ofisini.

Waliandika barua. Wanawake wa upande wa kushoto wanyamaze wakati wa mahubiri, kwa ajili ya utaratibu. Na aliyetakiwa kuisoma mbele ya kanisa alikuwa Mzee Amoasi, kwa sababu yeye ndiye aliyewaleta.

Alisimama mimbarani, akaifungua barua, akaitazama, akaikunja.

"Macho yangu yanakataa," akasema, akashuka.

Wiki hiyohiyo wazee walikutana. Walimshtaki kwa ukaidi, na kwa kuwa ukaidi haukutosha, wakaongeza kwamba nyimbo zile zina asili ya matambiko na kwamba mwalimu wa kwaya anaingiza mizimu katika nyumba ya Mungu. Aliyeleta hoja hiyo ni Paintsil. Walimvua uongozi wa kwaya, wakamnyang'anya ufunguo wa kabati la vitabu vya nyimbo, wakamzuia kwenye meza ya Bwana miezi sita. Mtu aliyekuwa amehudumu miaka thelathini na minane.

Araba alimfuata karakanani.

"Baba, tuondoke. Makanisa yamejaa barabara nzima mpaka Saltpond. Nenda popote, watakupokea kwa magoti."

"Mimi sikuenda pale kwa ajili ya Paintsil, nitaondokaje kwa ajili yake?"

"Wanakuita mchawi!"

"Wanaita." Akaendelea kupiga randa.

"Na wewe huna la kusema?"

"Nina mlango wa watu wa kumaliza kabla ya Ijumaa."

Araba aliona afadhali angempiga kofi. Miaka minne baba yake alikwenda kanisani kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho kando ya mlango, hakuimba hata itikio la amina. Wanawake wa mtoni nao walikwenda, wakakaa kushoto, wakanyamaza. Kinanda cha umeme kikaimba badala ya wote. Na kitu kilichomkausha Araba roho ni kwamba dirisha la kanisa likivunjika, alitumwa mtu kwa Mzee Amoasi, na Mzee Amoasi alichukua msumeno wake akaenda.

Hivyo ndivyo alivyokufa. Mvua zilikaribia, paa la Betheli lilivuja juu ya zile spika, wakamwita. Alikuwa na miaka sabini na moja. Alipanda, bati likateleza, akaanguka kwenye ngazi za mawe za mlango mkuu. Aliishi siku tisa. Mchungaji Dadzie alifika siku ya tatu, akaomba amesimama mlangoni, saa yake ikionekana. Paintsil hakufika kabisa. Siku ya tisa asubuhi Mzee Amoasi alimwomba Araba maji, akanywa nusu, akasema yaliyobaki apewe Ebo, kana kwamba Ebo bado ana miaka minne, akafa.

Sasa walitaka kumzika kwa heshima zote.

Kikao cha mazishi kilifanyika Jumanne nyumbani kwa Kwamena Badu, mkuu wa ukoo wa marehemu. Mzee huyo alikuwa na sauti nzito na tumbo lililomtangulia, na alikwisha kunywa na Paintsil. Mchungaji alikaa kulia kwake, Paintsil kushoto. Araba na Ebo, aliyekuja toka Takoradi, wakapewa benchi la mlangoni.

"Kanisa litamzika mwanetu," alisema Kwamena Badu. "Kwaya itaimba, wazee watavaa mikanda yao, mchungaji atahubiri. Ni sifa kwa ukoo. Nasikia kuna mtu amepasua kitabu."

"Mtu huyo ana jina," alisema Araba. "Mzee, kwaya hiyo haitamwimbia baba yangu. Waimbe wanawake wa mtoni."

"Nani amekuuliza? Wewe ni wa ukoo wa mama yako. Kobina alikuwa wa kwetu, na maiti ni ya kwetu. Tukitaka kumzika na ngoma ya mabati tutamzika."

"Ni kweli. Maiti ni yenu."

"Umejua. Kaa chini."

"Na jeneza?"

Watu wakageukia benchi la mlangoni. Kwa mila yao jeneza la baba hutolewa na watoto wake. Ukilitoa ukoo, ni tangazo kwa mji mzima kwamba marehemu alikufa kama mti mkavu.

"Ebo ameliunda kwa mikono yake," alisema Araba. "Mvule mtupu, siku nne hajalala. Liko karakanani na mlango nimeufunga. Maiti ni yenu, jeneza ni letu. Bila wanawake wa mtoni, mviringisheni kwenye mkeka."

"Shetani wewe!" Kwamena Badu alinyanyuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Utamweka baba yako uchi mbele ya watu?"

"Wamekwisha kumweka uchi hawa uliowapa viti vya mito. Walimwondoa kwenye kwaya, wakamwondoa kwenye meza ya Bwana. Kwenye paa hawakumwondoa. Paani alifaa!"

"Binti, ile ilikuwa ajali," alisema Mchungaji Dadzie.

"Wewe ulipanda lini paani, mchungaji? Una miaka thelathini na mitano na magoti mazima."

Ebo alimvuta nguo. Hakuvutika. Walibishana mpaka chakula kikapoa, na mwishowe Kwamena Badu, aliyeogopa mkeka kuliko alivyoogopa kanisa, akaamua: kwaya itaimba, na wanawake wa mtoni wataimba. Paintsil akakubali kwa kichwa. Hakufungua mdomo, na Araba alipaswa kuliona hilo.

Jumamosi Otuakrom yote ilikuwa nyeusi na nyekundu kwa nguo za msiba. Ratiba mpya ilikuwa imechapwa. Araba aliisoma akiwa ameketi benchi la mbele, jeneza la mvule likiwa hatua tatu toka magotini mwake. Kwaya, kwaya, salamu za wazee, kwaya, mahubiri, kwaya. Wanawake wa mtoni hawakuandikwa popote. Aligeuka. Walikuwa kushoto, saba waliobaki hai, na mbele yao amesimama mlinzi wa kanisa amefunga mikono.

Mchungaji alihubiri habari za Lazaro. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu anayesoma. Alipofika mahali ambapo Lazaro anatoka kaburini amefungwa sanda, sauti ilipasuka upande wa kushoto, kavu, ya uzee, isiyotaka ruhusa:

"Lazaro ee, nani alikufunga sanda?"

Na sita wakajibu: "Ni sisi hapa, kwa mikono yetu hii."

Araba aliitambua sauti ile. Miaka minne hakuisikia. Mchungaji akanyamaza, karatasi mkononi. Mama Nyarkoa akaendelea, amesimama sasa, mkongojo hewani: Lazaro ee, nani alikuchemshia maji? Ni sisi hapa. Na watu wa mabenchi ya nyuma, wazee waliokumbuka, wakaanza kuitikia.

Paintsil aliinua kidole kwa mpiga kinanda.

Spika zikanguruma. Kinanda kiliwafunika wale akina mama kama mtu anavyofunika paka kwa gunia. Midomo yao ilionekana ikicheza lakini sauti haikusikika, na kwaya ikasimama na majoho yake, ikaanza wimbo wa ukurasa wa tisa kwa nguvu zote. Mama Nyarkoa hakukaa. Aliimba ndani ya ule ukelele, mishipa ya shingo imemtoka.

Araba hakumbuki alivyofika ukutani. Alishika waya wa kinanda, akaung'oa. Spika zikafa, kwaya nayo ikakatika, ikabaki sauti moja ya bibi mwenye miaka themanini na mitatu.

Paintsil alikuwa tayari amefika, akamkamata kifundo cha mkono. "Rudisha."

"Niachie."

"Rudisha, mtoto wa mchawi!"

Ebo alivuka benchi. Mtu akamshika Ebo, mwingine akamshika aliyemshika Ebo, chombo cha maua kikaanguka kandokando ya jeneza. "Hii ni nyumba ya Mungu!" alipiga kelele mchungaji. Na hapo Araba, mkono wake bado umo katika mkono wa Paintsil, akasema, si kwa kelele, kwa sauti ya wazi aliyofundishwa na baba yake ili maneno yafike benchi la mwisho:

"Mama yako aliharisha mpaka akafa, ukasimama ng'ambo ya barabara umeziba pua. Huyo aliyelala humo ndiye aliyemwosha. Na yule bibi uliyemzimia sauti ndiye aliyemfunga taya. Umewahi hata kuwaambia asante?"

Paintsil alimwachia. Uso wake ulilegea, ukawa uso wa mtu mzee sana. Alitazama huku na huku kama anayetafuta pa kukaa, na hakuna aliyesogea kumpisha. Akatoka kwa mlango wa pembeni.

Mchungaji Dadzie akafunga karatasi zake na kumfuata. Mzee Amoasi akazikwa bila mchungaji. Wanawake saba waliimba kutoka kanisani hadi makaburini, kwa mwendo wao wa miguu mibovu, na Kwamena Badu, jasho likimchuruzika, akasema Baba Yetu kaburini, akakosea mahali pawili.

Araba alitarajia kushukuriwa. Baada ya maziko alimfuata Mama Nyarkoa, aliyekaa juu ya jiwe akipumua kwa shida, akapiga goti mbele yake.

"Tumewashinda, bibi."

Yule mzee alimtazama kwa jicho lake zima. "Wewe ulisikia wapi habari za mama yake Paintsil?"

"Nilikuwepo. Nyuma ya mlango."

"Basi ulisikia na alilosema baba yako. Miaka thelathini na ushei nimelimeza neno lile. Wenzangu wawili wamekwenda nalo kaburini. Wewe umelitapika juu ya jeneza lake."

"Bibi, walikuwa wanakuziba mdomo!"

"Mdomo ni wangu, ningeimba mpaka umeme ukatike. Umekatika mara ngapi mji huu? Hasira ni yako, Araba. Itumie utakavyo, lakini usiseme ni ya Kobina. Kobina hakuwa nayo."

"Ndiyo maana walimkanyaga."

"Labda," alisema Mama Nyarkoa. "Nisaidie kusimama."

Kanisa lilimtenga Araba mwaka mzima kwa kuvuruga ibada. Barua aliletewa sokoni, mbele ya wateja. Paintsil alijiuzulu uzee wa kanisa, akasema ni afya. Mitaani watoto walianza kuziba pua akipita, na Araba alipowaona mara ya kwanza alifurahi, mara ya pili akafurahi kidogo, mara ya tatu akawafukuza kwa ufagio, na akaingia ndani amemkasirikia Paintsil kwa kumfanya awafukuze.

Mama Nyarkoa na wenzake walikuwa wakikutana kuimba karakanani, kati ya mbao ambazo Araba hakutaka kuziuza. Aliwapikia. Alidhani hilo ndilo litakuwa kanisa lake sasa. Hata wiki moja kabla ya Pasaka wakamwambia, wakiwa wamekwisha kula, kwamba mchungaji amekuja kuwaomba warudi. Atanyamaza wakiimba. Kinanda kitazimwa. Wamekubali.

"Mmekubali!" Araba alikusanya sahani kwa kishindo. "Kwa yule yule aliyewaita mizimu? Hamna haya?"

"Paintsil ndiye aliyesema mizimu," alisema mmoja wao.

"Na huyu alitia sahihi! Nendeni. Nendeni mkalambe miguu. Baba alikufa bure."

"Baba yako alikufa akiziba tundu la paa," alisema Mama Nyarkoa, akitafuta mkongojo wake. "Tukae humu tulowe kwa ajili yako?"

Hawakuagana vizuri.

Pasaka Araba hakutoka. Alifunga madirisha ya upande wa kanisa, akakata vitambaa, akakosea vipimo, akaharibu yadi mbili. Saa nane mchana mlango ulisukumwa bila hodi. Alikuwa Mama Nyarkoa, amevaa nyeupe, na bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba.

"Kenkey na samaki. Kula."

"Sitaki."

"Basi nitakula mimi, usinitazame mdomo." Akakaa, akafunua, akamega donge la unga wa mahindi. Alikula polepole, akatoa miba, akaipanga ukingoni mwa bakuli. Araba akaendelea kukata.

"Mchungaji alisoma habari za wanawake kaburini," alisema yule bibi hatimaye, mdomo umejaa. "Wale waliobeba manukato."

Mkasi uliendelea kukata.

"Tulimshika hapohapo. Hatukumwachia. Tumeimba mpaka watoto wakaomba kwenda nje. Alikaa chini, yule kijana. Aliweka karatasi zake sakafuni akakaa juu yake."

"Na Paintsil alikuja?"

"Alikuja. Benchi la mwisho, kando ya mlango."

Mkasi ulisimama. "Benchi la baba?"

"Ni benchi, Araba. Watu hukalia."

"Alilia?"

Mama Nyarkoa alitafuna, akafikiri, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo siku ya Pasaka.

"Alisinzia," akasema.

Araba alitaka kutukana. Alifungua mdomo, tusi likiwa tayari kwenye ulimi, ikatoka kicheko, kibaya, cha kukohoa, kilichomtia machozi. Alipomaliza bado alikuwa amekasirika. Akavuta kigoda, akaketi ng'ambo ya bakuli, akachukua kipande cha samaki kikubwa kuliko vyote.

"Sitarudi pale," akasema.

"Nani amekuomba? Lete pilipili."